Ubao wa Kisima cha Saba

Petali ya kwanza niliitoa mdomoni mwa mwanangu Jumapili asubuhi, nikadhani ni karatasi ya peremende. Edie ana miaka mitatu, na mtoto wa miaka mitatu ukimkuta anatafuna kitu hushtuki, unamwambia tema, anatema, siku inaendelea. Akatema kiganjani mwangu. Ilikuwa petali ya buluu ya ua la haidrenja, baridi kama imetoka frijini, na upande wa nyuma imeshika udongo wa mfinyanzi. Nikaugusa ule udongo kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa na chumvi.

Nikabaki nimesimama na kijiko cha uji mkononi, kwa sababu udongo wenye chumvi hapa Larklow upo kwenye mbao za visima tu, na Edie alikuwa na mafua, tangu Ijumaa hakuwa ametoka nje ya nyumba.

Wageni wanakuja huku Derbyshire, Uingereza, kuona jumba la kifahari la duke, kuingia mapangoni, kupanda treni ya moshi, na wiki ya mwisho ya Juni wanakuja kijijini kwetu kuona visima. Tunavipamba. Tunachukua mbao kubwa kama milango, tunazilaza mtoni zinywe maji, tunazipaka udongo tuliokanyaga kwa miguu pamoja na chumvi ili usikauke upesi, halafu tunachora picha kwa petali, moja moja, kwa dole gumba, kuanzia chini kwenda juu, kila petali ikilalia mwenzake kama vigae vya paa ili mvua iteleze. Siku nne watu thelathini tumeinama ghalani. Mkinyamaza hamsikii kitu ila madole yakibonyeza. Pt. Pt. Pt. Sauti hiyo naijua tangu nikiwa tumboni mwa mama yangu.

Visima ni saba, na kila kimoja husimamishiwa ubao wake. Sita viko humu kijijini, cha saba kiko juu, mwisho wa njia ya kondoo, chini ya miti ya alda ambako hata saa sita mchana kuna giza. Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha taarifa za wageni, pale pembeni ya maegesho ya magari, mimi ndiye ninayechora ramani, na ni mimi wanayenifokea. Kina mama wenye vigari vya watoto wamenisema miaka miwili mfululizo: umetutuma juu kule, tumekuta mawe na matope tu. Basi Februari kwenye mkutano wa kamati nikasimama, mimi ambaye huwa sisemi, nikasema kwa nini ubao wa saba tusiuweke kwenye maegesho, pale kwenye bomba la kujazia chupa, kila mtu auone.

Bwana Marsden, mwenyekiti, akafurahi kweli. "Jodie kaongea. Bomba lina maji, kisima kina maji. Maji ni maji."

Watu wakacheka. Bibi Hallam peke yake hakucheka. Ana miaka themanini na minne, na ubao wa saba ulikuwa wake tangu usichana, na kabla yake wa mama yake. Akakusanya sufu yake na sindano zake za kufumia, akasema, "Maji si maji, Trevor," akaondoka, na ghalani mwaka huu hakuja. Ubao nikapewa mimi. Kamati ilikuwa imechagua picha za watoto wa Larklow, wenzangu wakachora watoto wa kubuni tu, wanacheza mpira, wanalisha bata. Mimi nikachora uso wa mwanangu, na chini yake nikaandika EDIE kwa mbegu za alizeti.

Kuhamisha ubao nilihamisha mimi. Uso niliuweka mimi. Nayasema haya mapema nisije nikayakwepa mbele.

Ile Jumapili nilimwachia mume wangu Callum mtoto nikashuka mbio mpaka kwenye maegesho. Mabasi mawili yalikuwa yameshafika, watu wamejaa na aiskrimu zao. Nikajipenyeza hadi mbele. Mdomo wa Edie kwenye ubao nilikuwa nimeubonyeza mwenyewe kwa petali nyekundu, nikaufunga, najua niliufunga kwa sababu meno yalinishinda. Sasa ulikuwa wazi kidogo, kama mtu aliyeanza kusema neno. Na ndani ya ule uwazi mtu alikuwa amebonyeza petali moja ya buluu.

Nikajiambia ni watoto wa wageni. Nikaitoa kwa ukucha, nikaziba. Nyuma yangu kulikuwa na harufu ya ndoo iliyosahauliwa na maua ndani.

Jumatatu Edie aliamka na alama kwenye paji la uso, ya kijivu, duara, yenye mistari midogo kama ya kidole. Nikaiosha, ikabaki kivuli.

"Callum, umemshika mtoto na mikono michafu?"

"Mikono yangu ni michafu tangu nizaliwe," akasema, anavaa buti zake za shamba, "lakini ni mavi ya kondoo. Ule ni udongo. Muulize mchora nyuso mwenyewe."

"Sikumshika."

"Basi kajishika."

Nikamwinamia Edie nikamuuliza polepole, nani amekugusa hapa. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Mama wa udongo."

"Mama gani, mpenzi?"

"Yule wa kwenye bomba. Ananipamba." Akaweka kidole gumba chake kidogo kwenye shavu langu, akakibonyeza taratibu, akakiachia. "Pt," akasema. "Hivyo."

Callum aliacha kufunga kamba za buti. Hapo nikaisikia, ukutani, nyuma ya sinki, ndogo sana, yenye subira, kama mtu aliye na kazi kubwa na hana haraka. Pt. Kimya. Pt.

"Ni mabomba," Callum akasema.

"Ndiyo," nikasema. Mume na mke tukakubaliana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiamini.

Jumanne nilikwenda kazini kwa sababu wiki ya visima huombi ruhusa. Mchana mzee mmoja wa kike aliyekuja na basi kutoka Stoke alinijia na kamera yake.

"Nani kamchora yule mtoto, mwanangu? Anavutia, ila ananitisha. Niliposimama kushoto alinitazama, nikaenda kulia akanitazama."

"Mimi, mama."

"Basi una mkono. Hebu simama pale nikupige picha na kazi yako." Nikasimama. Akainua kamera, akaishusha, akaniangalia kwa juu ya miwani. "Mwambie dada yako asogee pembeni kidogo. Halafu mbona kalowa hivyo, maskini, na jua lote hili?"

Niligeuka. Kulikuwa na bomba, na chini ya bomba dimbwi, na kutoka dimbwini nyayo za maji zikija hadi visiginoni mwangu, zimekoma hapo.

"Alikuwa hapa hapa," yule mama akasema. Hakupiga tena picha. Alirudi kwenye basi lao akakaa, na saa nzima ilikuwa bado kabla ya kuondoka.

Kufikia Jumatano petali zilikuwa zimeanza kunyauka, jambo la kawaida, kila mwaka zinanyauka, siku ya tano pembe za picha hugeuka rangi ya chai na hakuna anayejali. Lakini pembe za mdomo wa Edie, mdomo wake wa nyama, nazo zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Ngozi ya mikono ilimkauka ikapasuka mistari mistari kama tope la ziwa lililokauka, na alikuwa baridi, si homa, baridi, na anakunywa maji, jagi zima, anamaliza, anaomba lingine, na mkojo hakuna. Daktari kwenye zahanati alisema ni virusi, wapo wengi kipindi hiki, aendelee kunywa maji. Nikamwambia maji ndiyo yanayonitisha. Akaniandikia krimu.

Tulipotoka zahanati nikamwambia Callum asimame kwenye maegesho. Akabaki ndani ya gari, Edie amemlalia mapajani, mlango wazi, hatua ishirini kutoka kwenye ubao. Ilikuwa saa saba mchana, watu wanakula skonzi na jemu kwenye meza za nje, mbwa, watoto, kila kitu. Nikapita katikati yao. Nilikuwa nimeamua kuufuta. Nikaweka kucha chini ya petali za shavu la kushoto, nikavuta, zikatoka tatu kwa pamoja.

Kilio kilichotoka kwenye gari sijawahi kukisikia kwa kiumbe yeyote. Watu wote wakageuka. Callum aliniita jina langu, si kwa kelele, aliniita kama mtu anayeomba, na nilipofika shavu la kushoto la mwanangu lilikuwa limechunika mahali patatu, vipande vitatu vya umbo la petali, vyekundu, vinatoka majimaji, na mimi petali tatu bado ninazo mkononi.

"Zirudishe," Callum akasema. Midomo yake ilikuwa nyeupe. "Sijui unafanya nini, sitaki kujua. Zirudishe."

Nikazirudisha. Nilibonyeza moja, kilio kikapungua. Nikabonyeza ya pili, ya tatu, mtoto akanyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama hapo na aiskrimu alinipigia makofi kidogo, alidhani natengeneza.

Alhamisi nilikwenda kwa Bibi Hallam. Alifungua mlango kabla sijabisha, na mezani vikombe vilikuwa viwili.

"Umechelewa," akasema. "Nilikutegemea tangu Jumanne."

"Bibi, mwanangu..."

"Najua. Kaa. Kunywa chai, huwezi kusikia kitu ukiwa umesimama hivyo."

Nikanywa, ikanichefua. Wiki ile kila kitu kilinichefua, kila kitu kilinuka udongo. Yeye alikwenda kwenye sinki, akakaza bomba, kisha akalifunga kwa kitambaa, mafundo mawili. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, kama watu wasemavyo karibu na mgonjwa aliyelala.

"Umemuona?"

"Wanamuona watu, nyuma yangu."

"Basi bado una bahati." Akakaa. "Mama yangu hakumpa jina. Alisema yule wa juu, basi. Maua tunampelekea ili akae. Kama unavyomtembelea mgonjwa asiyetoka kitandani, unamwambia tumekukumbuka, haya, lala. Mwaka huu hakupelekewa. Kangoja, kaona kimya, kashuka kuangalia. Na kakuta nini huko kwenye magari yenu? Ubao wake ule ule, na juu yake mtoto. Miaka yote tunambandikia njiwa, samaki, safina ya Nuhu. Wewe umembandikia mtoto aliye hai, na jina umemwandikia chini asije akakosea nyumba."

"Sikujua, Bibi."

"Hukuuliza. Nakaa nyumba ya nne kutoka kwako."

Nikaweka kikombe chini.

"Jumapili jioni mbao zinavuliwa," akaendelea, "udongo unatupwa mtoni. Ubao huo ukivuliwa uso wa Edie ukiwa juu, na mtoto kavuliwa. Nisikufiche."

"Niufute vipi?"

"Haufutwi. Jana umeona. Alichokwisha kupewa hakinyang'anywi, kinafunikwa. Petali juu ya petali, kama tunavyoziba mvua ikiharibu. Ubao urudi kwake juu, na uso mwingine ukae juu ya uso wa mtoto."

"Wa nani?"

Alitazama mikono yake. "Mwaka aliokufa mume wangu Arthur nilimpa uso wangu. Sikuwa najali kitu. Asubuhi nikafungua mlango huu, nikakuta ameubandua wote na kuupanga hapo kizingitini, petali kwa petali, uso wangu unaniangalia kutoka chini. Nilikuwa na miaka sitini. Hataki kilichokwisha kunyauka."

"Basi wangu," nikasema. Ilitoka upesi, kama unavyonyosha mkono mtoto akijikwaa.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Mtu mzima ana udongo mwingi, hakauki siku saba kama mtoto. Huenda akakuchukua polepole mpaka uzeeke. Kila Juni umpambe, usimsahau hata mara moja. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo." Akanishika kifundo cha mkono. "Nisikilize vizuri. Huna mimba?"

"Sina."

"Una hakika? Mmoja anafunika mmoja. Ukimpelekea zaidi ya mmoja, atapokea wote, na huyo wa ziada hamrudishi."

"Bibi, Edie anakauka kule nyumbani. Nina hakika."

Sikuwa nimehesabu siku. Ningehesabu saa ngapi, wiki ile.

Ijumaa alfajiri Callum alileta pikipiki ya magurudumu manne ya shambani na mkokoteni wake, tukaupakia ubao kabla mtu wa kwanza hajaja na mbwa. Kwenye nguzo tupu nikatundika karatasi: UNATENGENEZWA.

"Marsden atatuua," Callum akasema.

"Ajiunge kwenye foleni."

Alicheka, cheko fupi, la kwanza wiki ile, halafu akafuta macho kwa mkono wa sweta. Bibi Hallam alikuwa amebaki kwetu na Edie, amemwaga chumvi kwenye kila mlango na amemshika mtoto mkono. Callum aliushusha ubao juu kisimani, akauegemeza kwenye mawe, nikamwambia rudi. Hakutaka. Nikamwambia Bibi kasema niwe peke yangu, ambayo ilikuwa kweli, na sikumwambia ninachokwenda kufanya, ambacho angekizuia. Nikasikiliza pikipiki mpaka ikapotea chini kwenye ukungu.

Kisima cha saba hakina ukuta wala paa. Ni jiwe lililotobolewa, na ndani maji meusi yasiyotikisika. Nilipiga magoti mbele yake na ndoo zangu za petali. Sikuwa na kioo. Bibi alisema jitazame humo humo. Nikajitazama, nikaanza kidevuni, kutoka chini kwenda juu, petali zangu mbichi juu ya petali za mwanangu zilizonyauka, na kila nilipobonyeza moja nilihisi kitu kidogo kikitoka kwangu, si maumivu, kama pumzi unayoisahau kuivuta.

Pt, nilibonyeza.

Pt, nyuma yangu.

Nilisimamisha mkono. Kimya. Ndege hakuna, kondoo hakuna. Nikabonyeza tena, na nyuma yangu ikajibu tena, karibu zaidi, na harufu ikaja, ile ya ndoo, ya maji ya maua yaliyokaa wiki mbili, ikanifunika kichwa kama shuka la mtu mwingine, na Bibi alikuwa ameniambia usigeuke, chochote utakachosikia usigeuke, kwa hiyo nilitazama mbele, lakini mbele yangu kulikuwa na maji, na majini bega langu, na juu ya bega langu, taratibu, kama anayechungulia ufundi wa mwenzake, ukainama uso ambao haukuwa na ngozi bali petali, mamia ya petali zilizolaliana kutoka kidevuni hadi kwenye paji, za zamani za kahawia chini na mpya juu yake, na kati ya zile mpya nikaziona nyekundu za mdomo wa Edie na buluu niliyoitoa Jumapili, na pale pa macho hapakuwa na kitu bado, mashimo mawili laini ya udongo yaliyoachwa wazi yakisubiri, na mkono ukapita kwapani mwangu, wa kijivu, unaodondosha maji, ukaweka dole gumba lake juu ya langu, baridi yake ikanipanda hadi kwenye meno, na kwa upole, kwa upole kabisa, kama mama anavyomfundisha binti, ukalisogeza dole langu kidogo kushoto, ukalibonyeza.

Pt.

Tuliumaliza hivyo, uso wangu, mkono wake juu ya wangu. Macho ya picha nilitaka kuyafumba. Alinifanya niyaache wazi.

Niliposhuka jua lilikuwa limetoka na mabasi yanageuza kwenye maegesho. Mlangoni kwetu nilimsikia Edie kabla sijamuona, anagombana na Bibi Hallam juu ya mkate, anataka wenye asali, hataki wenye siagi. Pembe za mdomo wake zilikuwa nyekundu. Shavuni yalibaki makovu matatu madogo, mepesi, ambayo usipoyajua huyaoni. Callum alinikumbatia kwa nguvu mbele ya Bibi, akasema nywele zangu zinanuka kisima, nikasema nitaoga.

Jumapili walivua mbao sita na kutupa udongo mtoni. Bwana Marsden alinisimamisha nje ya ghala.

"Wageni wamekuwa wakiniuliza ubao wa saba uko wapi. Niwaambie nini?"

"Waambie uko pale ulipokuwa siku zote."

"Na vigari vya watoto?"

"Vibaki chini."

Ule wa juu hauvuliwi na mtu, huachwa uoze wenyewe. Bibi alisema niende kila baada ya siku mbili kuulowesha, unavyodumu ndivyo ninavyodumu. Jumanne nilikwenda, nikaona ukingo wa shavu langu umeanza rangi ya chai, na nyumbani kwenye kioo nikaona mstari mmoja mpya chini ya jicho. Nikasema sawa. Mstari mmoja kwa mtoto wangu, nitaulipa huo na mingine.

Leo ni Alhamisi. Nilipanda asubuhi na ndoo yangu ya maji ya chumvi, nikakuta hakuna cha kulowesha. Udongo ulikuwa mbichi. Petali zilizokuwa zimeanza kunyauka zilikuwa zimebadilishwa, mpya, zimepangwa kwa ufundi ambao mimi sina. Nilisimama pale karibu nifurahi. Halafu nikaona chini ya uso wangu, pale ambapo palikuwa na jina la Edie. Mbegu za alizeti zilikuwa zimetolewa, udongo umelainishwa, na juu yake kumechorwa duara kwa vile vitunda vyeusi vya mti wa alda tunavyotumia kuchorea ukingo kabla ya kujaza petali. Duara dogo. Si la ukubwa wa kichwa cha Edie. Niliweka ngumi yangu ndani yake, ikaenea sawasawa. Ndani ya duara hapakuwa na kitu bado.

Nilishuka nikihesabu kwa vidole. Wiki moja, mbili, nikaanza tena, nikapata jibu lile lile. Nikapanda basi hadi Bakewell, kwenye duka la dawa ambako hawanijui, nikanunua kipimo, nikapimia kwenye choo cha soko. Mistari miwili.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Hallam. Safari hii nilibisha. Alifungua, akanitazama usoni, kisha macho yake yakashuka hadi tumboni na yakakaa hapo. Aliingia ndani, akarudi na pakiti ya chumvi, akainama kwa shida, magoti yake mabovu, akamwaga mstari kizingitini kutoka ukingo hadi ukingo, kati yangu na yeye. Alikuwa analia. Halafu akafunga mlango.

Sasa ni saa tisa mchana. Callum yuko shambani, bado hajui. Edie amelala ubavuni mwangu, ana joto zuri, anakoroma na mafua yake. Nje basi la wageni linapita, mtu anacheka. Nimelala chali kitandani na mikono yote miwili tumboni, nimezuia pumzi, nasikiliza ukuta wa sinki. Ukuta umenyamaza. Tangu nirudi umenyamaza kabisa.

Pt.

Nimeisikia kwa viganja.

Kimya.

Pt.